Mgeni kaniuliza "blues ya Amu ni ipi?" nikabaki nimeshika usukani tu

Nahodha_Manda (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Juma lililopita nilikuwa na wageni wanne mashuani, tumetoka Shela, hapa Amu (Lamu), kwenda kisiwa cha Manda Toto kuangalia samaki. Mmoja mzee wa Kimarekani mweusi, mtu wa Chicago, kapiga saksafoni tangu ujana wake. Tulipofika nyuma ya Manda upepo ukalala, tanga likaning'inia kama kanga iliyoanikwa. Yule mzee akaanza kuvumisha kitu kwa pua. Nikamwuliza ni nini, akasema blues. Akanifafanulia: mstari unasemwa, unarudiwa vilevile, halafu wa tatu unajibu. Kisha akanigeukia: "Na nyinyi hapa, blues yenu ni ipi? Nani aliianza? Nani aliitia kwenye santuri?"

Mimi najua mikondo yote kutoka Kiwayu mpaka Kipini, usiku wa giza nakupitisha. Swali hilo likanipandisha mwambani. Nikamwambia taarab. Akasema taarab anaijua, ya Zanzibar. Hapo nikanyamaza.

Tangu siku ile nimepita barazani nikiuliza. Naweka nilichokiokota, nyinyi rekebisheni.

Kila mzee ameanza na Fumo Liyongo. Mapokeo yanamweka Pate, Shaka na Ozi, na nyimbo za gungu, ngoma ya kale ya huku kwetu, tulizorithi nyingi zinanasibishwa naye. Kisa chake cha jela mnakijua, lakini kisomeni tena kwa sikio la muziki. Yumo gerezani, anangoja kuuawa. Anamtumia mamake ujumbe ndani ya wimbo, kupitia kijakazi Saada, askari wanasikia na hawaelewi: mkate wa wishwa, na ndani yake tupa. Mkate unafika. Sasa atakataje minyororo bila kusikika? Anaomba ngoma! Anaomba apigiwe gungu kabla ya kufa, kwa matoazi na pembe na vigoma, watu waitikie kwa nguvu. Wao wanapiga, yeye anakereza chuma. Ngoma ilipokwisha, minyororo ilikuwa imekwisha pia.

Wa pili ni Muhamadi Kijumwa wa papa hapa Amu, aliyefariki 1945. Mshairi, mwandishi wa khati nzuri, mchongaji milango, mpiga kinanda, na vinanda vyenyewe akivichonga. Ndiye aliyeuandika utendi wa Liyongo mwaka 1913.

Wa tatu Habib Saleh, aliyeleta ngoma Amu. Wa nne Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab, na udi lake, kile kinanda cha nyuzi.

Nilipowapanga hivi nikaona jambo moja, na ndilo lililonifanya nifungue uzi. Amu hutunga, kwengine hurekodi. Kila tunayemtaja alipanda chombo akaenda zake, au sauti yake haikuhifadhiwa. Bisheni kama nimekosea.

Santuri78

Natia nanga hapa. Mimi ni mtu wa Mombasa, Kibokoni, nakusanya santuri za zamani, zile nzito zinazovunjika kama kigae.

Nahodha, hoja yako ina nguvu kuliko ulivyodhani. Chukua huyo Zein. Mzaliwa wa Amu, kakulia kwenye mashairi ya Amu, kisha kahamia Mombasa. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ikatoa rekodi ya kikundi chake. Unajua waliipa jina gani? *Mtindo wa Mombasa*. Basi. Mtu ni wa Amu, maneno ni ya Amu, udi linapigwa kwa mkono wa Amu, na kibandiko kinasema Mombasa. Nasi wa Mombasa tukapokea bila haya.

Na rafiki yake Sheikh Ahmed Nabhany, wa Matondoni, ambaye Zein aliimba mashairi yake, naye aliishi na kufanya kazi Mombasa. Nabhany (1927–2017) ndiye aliyetupa neno runinga. Kila unapowasha runinga unasema neno la mtu wa Amu bila kujua.

Nyongeza kidogo kuhusu ala. Kabla ya udi kutawala, huku kwenu kulikuwa na kibangala. Wengi wanachanganya. Udi lina tumbo la vipande vya mbao vilivyounganishwa na uso wa mbao. Kibangala huchongwa kutoka gogo moja, kikachimbwa ndani kama mtumbwi, na uso wake ni ngozi. Kwa hiyo sauti yake ni kavu, ina mkwaruzo, inakufa haraka. Udi huimba, kibangala husema. Ni ukoo mmoja na ganbusi la Yemen na gabusi la Ngazija. Ukitaka mfano wa mgeni wako wa Chicago, mwambie kibangala ni kama banjo lao: nalo lina uso wa ngozi, na nalo asili yake ni Afrika.

Unguja_Ukuu

Hahaha. Watu wa Amu mmeanza. Haya, mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay, kampuni ya HMV ikamrekodi kwa Kiswahili. Alitoka Fumba, kazaliwa mtumwa, kauza vyungu mjini. Na alikwenda na nani? Mmoja wa wapigaji wake alikuwa Mbaruk Effandi Talsam, kipofu, mtu wa Mombasa. Mbona sisi hatulii kwamba Mombasa walituibia, wala Mombasa hawalii kwamba tuliwaibia? Muziki ni wa bahari. Kunyweni kahawa.

Nahodha_Manda

Unguja, aliye na santuri 1928 ana haki ya kusema muziki ni wa bahari. Asiye nayo ataonyesha nini, maji?

Saksafoni_Kali

Mabwana, nimesoma uzi huu nikiwa Nairobi na nimecheka peke yangu kwenye matatu. Mimi ni mtoto wa Mkomani, mtaa wa Amu, lakini ugonjwa wangu ni jazz.

Kwanza tarehe, mpate kulinganisha. Santuri ya kwanza ya jazz ilirekodiwa Februari 1917 New York, na waliopiga walikuwa wazungu watupu, Original Dixieland Jass Band. Weusi walioizaa New Orleans wakaangalia. Blues ya kwanza kuimbwa na mwanamke mweusi kwenye santuri ni ya Mamie Smith, Agosti 1920. Siti ni 1928. Kwa hiyo miaka minane tu inawatenganisha. Na Nahodha, hata kwao aliyetunga na aliyerekodiwa hawakuwa mtu mmoja. Usijione peke yako.

Pili, kisa cha Liyongo kimenisimamisha nywele, kwa sababu Marekani wana chao na chao kina karatasi. Mwaka 1933 John Lomax na mwanawe Alan waliingia jela moja Louisiana na mashine ya kurekodi, wakitafuta nyimbo za wafungwa. Jela hiyo jina lake Angola, kwa kuwa mahali pale palikuwa shamba la watumwa la jina hilo. Humo wakamkuta Huddie Ledbetter, Lead Belly, na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili. Mwaka uliofuata alitoka. Watu wakapenda kusema wimbo ndio uliomfungua, ingawa kumbukumbu za jela zinaonyesha muda wake ulikuwa umepunguzwa kwa tabia njema. Yaani hata wao wanataka sana awe Liyongo!

Tatu, kwa mzee wako wa saksafoni: mwulize kama anamjua Ahmed Abdul-Malik. Alipiga besi na Thelonious Monk, na mwaka 1958 akaingiza udi kwenye jazz, New York. Alikuwa akisema babake ni Msudani. Watafiti wakaja kugundua wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi. Alitamani Afrika ya udi mpaka akajizalia upya. Na udi lenyewe Zein alikuwa akilipiga huku, bila kujua kama kuna mtu New York anahangaika nalo.

Jambo_la_Hoteli

Mimi sijui historia ila napiga gitaa hotelini. Wageni wana ombi moja tu. Mnalijua. Them Mushrooms waliutoa wimbo wenyewe, Jambo Bwana, 1982 na tangu hapo sijawahi kumaliza usiku bila kusema hakuna matata. Nawaombea dua na nawalaumu kwa pamoja.

Mwana_wa_Magarini

Nimengoja nione kama kuna atakayevuka mto Tana kuja upande wetu. Hakuna. Niko Malindi, ni Mgiriama, na naona orodha yenu imejaa makanzu.

Nahodha anauliza blues. Blues ni nini? Kwa nilivyoelewa mimi ni maumivu yakipewa mdundo. Basi sikilizeni. Mwaka 1913 Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi, na walitaka kodi ya nyumba. Mekatilili wa Menza, mjane, hakuwa na bunduki wala cheo. Alikuwa na kifudu. Kifudu ni ngoma ya matanga, ngoma ya kulilia maiti. Akaichukua akaipiga kijiji hadi kijiji, watu wakamfuata kama wanaofuata msiba, na walipofika akawahutubia, wakala kiapo. Serikali ilidhani wanawake wanacheza! Walipozinduka walimkamata, wakampeleka bara ya mbali, Kisii. Akatoroka, akarudi kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza wakaripua Kaya Fungo, mahali petu patakatifu, kwa baruti. Leo ana sanamu hapa Malindi mjini, watu wanapiga picha.

Na angalieni mwaka: 1913. Mwaka uleule Kijumwa wenu yumo Amu na kalamu yake ya mwanzi anaandika jinsi Liyongo alivyotumia ngoma kukata minyororo. Mmoja anaiandika, mwingine huku anaifanya. Mimi jana nimekaa kitako nikiwaza hilo peke yake.

Halafu gitaa. Fundi Konde (1924–2000), Mgiriama, alikwenda Vita vya Pili na kikundi cha kuburudisha askari, akafika Ceylon na Burma, akarudi na gitaa lenye sauti mpya kabisa. Miaka ya 1950 Kenya nzima ilikuwa ikimsikiliza. Kama kuna mtu wa pwani aliyepiga kitu kinachokaribia jazz kwa vidole, ni huyo: lile gitaa laini, gumzo na klarineti, haraka hana.

Na saksafoni mnayo hapa hapa. Mzee Ngala wa Freretown, Mombasa, na muziki wake wa bango. Freretown ilianzishwa na wamisheni 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, kengele yao iko hadi leo pale Kengeleni. Wajukuu wa watu hao wakapuliza shaba za wamisheni, kisha wakapuliza za kwao. New Orleans ilifanya nini zaidi ya hapo? Harusi ya Kilifi bila bango haijaisha.

Santuri78

Mwana wa Magarini kapiga msumari. Naongeza neno moja: beni. Matarumbeta ya Mombasa ndiyo yaliyozaa beni mwishoni mwa karne ya 19, na neno lenyewe ni "band" la Kiingereza lililovalishwa kikoi. Ikashuka Tanganyika yote, ikawa na vikundi viwili hasimu, Marini na Arinoti. Ikapanda Amu pia, Mkomani na Langoni wakashindana kwa shaba na mafumbo. Watoto wa beni hao ndio waliokuja kujiita "jazz" bila kupiga jazz: Dar es Salaam Jazz 1932, kisha Morogoro Jazz, Western Jazz. Neno lilikuwa na maana ya "bendi ya kisasa", basi. Ukienda na msikilizaji wa New Orleans kwenye dansi la Morogoro Jazz, atauliza jazz iko wapi, na atakuwa tayari anacheza. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz, roho ilimtoka huku kwetu, ajali ya gari Mombasa, Januari 1979.

Mzee_wa_Barazani

Wanangu. Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia.

Nahodha, umesema Habib Saleh "aliyeleta ngoma Amu". Hapana. Futa. Mui huu ulikuwa na ngoma kabla ya babu yake hajazaliwa. Siwa mbili, zile pembe kubwa za kupuliza, ziko makumbusho hapo ufuoni, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Amu ya shaba, zikilia hizo nani aliyekuwa hajui mvumo? Alilolifanya Habib Saleh ni jengine na ni kubwa zaidi. Alikuja kutoka Ngazija, akakaa Langoni, akasomesha kila aliyekuja, pamoja na wale ambao wakubwa wa mui hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja: waliokuwa watumwa, na wageni. Kisha akaisomesha Maulidi ya Habshi, ya Hadhramaut, kwa matari. Tari msikitini! Wako waliokasirika, na wengine walikuwa wanachuoni, si wajinga. Maulidi yakabaki, na msikiti wa Riyadha ukasimama mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mfungo sita watu wanakuja kutoka pwani yote.

Wala msiiweke Maulidi kwenye orodha moja na baa za Chicago. Sisemi kwa kumdharau mgeni. Nasema kila kitu kina adabu yake. Kwetu mtu akisema "muziki" hana maana ya tari.

Lakini nakupa jambo. Uliza kwa nini watu walilia. Aliyekataliwa kwenye mkeka amekaribishwa, naye anapiga tari kwa mikono yake mwenyewe, na wimbo unarudiwa na wote. Mambo hayo huyo mzee wa saksafoni atayaelewa bila mkalimani.

Nahodha_Manda

Mzee wangu, shikamoo. Nimefuta na nimekubali. Namba tatu sasa ni hivi ulivyosema.

Binti_Shela

Nimehesabu. Kaka zangu mmetaja wanaume kumi na kitu, wanawake, ukimtoa Saada wa kisani, ni Siti, Mamie na Mekatilili, na wote watatu si wa Amu. Kwa hiyo wanawake wa Amu tulikuwa tumelala?

Mwayahesabu majina, vishindo mwavisahau,
Waliopiga ni wana wa kike, mwawadharau.

Vugo, ndugu zangu. Pembe za nyati zinagongwa kwa vijiti, wanawake wanapita mitaani usiku wa arusi, na kila pambio ni fumbo. Nyanyangu alikuwa kungwi wa pambio. Akikutia kwenye wimbo wa vugo, asubuhi huendi sokoni. Hakukuwa na kampuni ya santuri iliyowahi kuja na mashine kwenye uchochoro wa Mkomani saa sita usiku, kwani hata wanaume wetu wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kusogea. Lelemama, ngoma yetu nyengine ya wanawake, hivyo hivyo. Nahodha analia kwamba Amu haikurekodiwa. Nusu ya Amu haikutaka kurekodiwa, ilitaka kusikiwa na mke mwenza wa nyumba ya tatu.

Saksafoni_Kali

Dada, hapo umeizika hoja ya Nahodha hai.

Mwana_wa_Magarini

Naifukia udongo.

Kiwayu_Kwetu

Mbajuni nachangia kwa ufupi, betri inakufa. Mmesahau shamba. Kuna vave. Wakati wa kufyeka na kuchoma msitu, usiku kabla ya moto, wakulima wa Kibajuni walikaa wakaimba mpaka alfajiri. Mmoja anatoa, kundi linaitikia. Hakuna kinanda, hakuna tarumbeta, ni makoo na viganja. Mambo ya nguruwe aliyekula mazao, ya mvua, ya kifo, ya mtu aliyekimbia deni. Babangu aliimba, mimi naijua nusu. Kama mgeni anataka kile kilichozaa blues, yaani watu wa jembe wakijisemea usiku, mpeleke huko na si kwenye udi.

Nahodha_Manda

Basi mwaniua taratibu. Nilikuja na orodha ya wanaume wanne, sasa nina pembe za nyati, ngoma ya matanga, tari, na watu wanaongoja moto.

Naikubali ya Binti_Shela kuliko zote, ingawa inaniuma. Nilikuwa nalia kwa kuwa hatuna santuri. Lakini jana usiku nimemkumbuka mamangu mkubwa akiimba huku anasuka ukili, mstari ule ule mara mbili, wa tatu anajijibu mwenyewe. Nilikuwa mtoto, nilidhani amesahau maneno ndiyo maana anarudia. Kumbe mzee wa Chicago amenieleza wimbo wa mamangu mkubwa nyuma ya Manda, nami nikamjibu "taarab".

Bado naishikilia moja. Kibangala. Udi ninaliona, tari ninaliona, vugo ziko. Kibangala nimezunguka mui mzima juma hili, wanaonitajia ni wengi, aliyenionyesha hakuna.

Kiwayu_Kwetu

Nimepata umeme wa jirani. Nahodha, nyumbani kwa ami yangu Faza kuna kitu kimetundikwa ukutani, gogo moja limechongwa kama mtumbwi mdogo, shingo imepinda, ngozi imepasuka. Watoto walikuwa wakikitumia kuchotea mchele. Sijawahi kuuliza jina lake.

Santuri78

MSIKIGUSE. Usikipake mafuta, usikipige rangi, usikioshe. Kina vigingi vingapi?

Kiwayu_Kwetu

Sijui, nitahesabu kesho. Viwili vimevunjika.

Mzee_wa_Barazani

Ngozi mpya iwe ya mbuzi, changa, ikaushwe kivulini. Mjukuu anasema anaujua uchongaji wa mbao, lakini huyu hata kigoda hakimalizi.

Nahodha_Manda

Kiwayu, mwambie ami yako nakuja Jumamosi. Natoka Amu alfajiri, maji yakijaa nipite mkondo wa Mkanda. Binti_Shela, kama unataka kuja, nafasi ipo, mlete na nyanyako.

Binti_Shela

Nyanya anasema atakuja akiahidiwa kwamba hakuna atakayemrekodi.